Majani ya Mke Mwenzangu

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa na mke mwenza. Alikuwa na miguu minne, mkia mrefu, na nywele za shingoni ambazo mume wangu alizisuka kila Jumamosi kwa mikono yake mwenyewe. Mimi niliyemzalia mtoto hakuwahi kunisuka hata utosi. Mke mwenza huyo aliitwa Kesari. Alikuwa farasi jike wa familia moja ya Kihindu pale Upanga, na kazi yake ilikuwa kubeba mabwana harusi, kwa kuwa katika ukoo ule bwana harusi hamfuati mkewe kwa gari. Anapanda farasi jike, ngoma zinatangulia, shangazi wanacheza barabarani, na magari yanasubiri yapende yasipende. Ignasi wangu ndiye aliyeshika kamba ya farasi, ndiye aliyemlisha na kumuogesha, na jioni ndiye aliyeniletea harufu ya farasi nyumbani kwetu Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe.

Nilimsumbua sana kwa harufu ile. Mimi ni mkaangaji wa samaki Feri, nanuka kibua kuanzia Januari mpaka Desemba, lakini nilijiona nina haki. Nilipigilia msumari ukutani, nje ya mlango wa chumba chetu, nikamwambia shati la kazi linaishia pale. Ndani haliingii. Akatii miaka yote. Anavua, anatundika, anaingia na singlendi.

Siku za harusi nilikuwa na jingine la kumnanga. Watu wenye nazo wamekula na kusaza, yeye anarudi na dengu zilizolowekwa, mbichi, zimefungwa kwenye gazeti na vipande vya maua ya njano ndani yake.

"Harusi yote ile, Baba Violeth, wewe ndiyo umepewa dengu?"

"Pika tu, Mama Violeth," alikuwa akinijibu. "Zina baraka."

Nilizipika na nazi huku nikinung'unika. Zilikuwa tamu, lakini hilo sikumwambia.

Ignasi alifariki mwaka jana, presha. Tulimsafirisha kwao Masasi, tukamzika, binti yetu akarudi kwa mumewe Mtwara na mimi nikarudi Dar. Kaburi likiwa mbali hivyo, huzuni ikikuzidi siku ya Jumanne huwezi kupita ukalisalimia. Kilichonibakia ni lile shati. Nililikuta kwenye msumari wake siku niliyorudi kutoka msibani, limenisubiri koridoni kwa adabu kama mwenyewe. Nikalikunja, nikalitia kwenye kindoo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, nikakisukuma chini ya kitanda. Kila Jumapili nikitoka kanisani nafungua mfuniko kidogo, naingiza pua, nafunga upesi. Majani makavu, jasho, na yeye. Harufu ya mtu haina duka, ikiisha imeisha, na kila Jumapili niliona imepungua. Nilimkumbuka mpaka nikawa nakasirika, nagombana na wateja juu ya chumvi.

Basi mwezi wa tisa, nimeinamia karai langu Feri, akaja msichana wa Kihindi ameziba pua na mtandio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikupe kibua au changu?"

"Mimi sili samaki, mama."

"Basi umepotea njia, mwanangu. Hapa hatuna kingine."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Naitwa Tanvi," akasema. "Mtoto wa Mama Urmila, wa Upanga. Nimekuja kwa ajili ya Kesari."

Nikageuza samaki wa kwanza, nikageuza wa pili. "Anasemaje mke mwenzangu?"

"Anaumwa tumbo, mama. Tangu baba yetu Ignasi aondoke ameshaanguka mara tatu. Tumbo linajisokota, anajibiringisha chini, anatoka jasho mwili mzima. Daktari wa mifugo amesema ikitokea mara ya nne hatakuja na dawa. Atakuja na sindano ya kumlaza moja kwa moja."

Akaeleza mengine. Kaka yake Pranav, anayeishi ng'ambo, angekuja kuoa baada ya wiki tatu, na mama yao tangu zamani alitaka aolee juu ya Kesari. "Lakini mimi harusi siijali," Tanvi akasema. "Gari zipo. Mimi nataka asife tu." Daktari alikuwa amewaambia wamtafutie majani makavu yanayofaa: laini, yaliyokatwa kabla hayajakomaa, yasiyo na vumbi wala ukungu. Wamenunua ya kila namna. Farasi ananusa, anageuza kichwa, na akila kwa njaa yanamkaa vibaya. "Ignasi alikuwa anakwenda mwenyewe Kariakoo kuchagua. Hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza anachaguaje. Mama anasema labda wewe unajua."

"Sijui," nikasema.

"Umekaa naye miaka mingapi, mama?"

"Ishirini na sita."

"Basi lazima unajua kitu."

"Mimi na farasi wapi na wapi? Habari za farasi nilizikataza kwangu. Nenda, mwanangu, utaondoka hapa na harufu."

Akanishukuru, jambo lililoniudhi zaidi, akaondoka. Jirani yangu wa karai la pili akasema Mama Violeth na pua yake ya kibua atachagua majani gani, wakacheka tena. Nikacheka nao. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikutaka kuona mahali ambapo mume wangu alikuwa na raha bila mimi.

Usiku sikulala vizuri, na kesho yake baada ya kumaliza samaki nilijisugua mikono kwa limau mpaka ikawasha, nikaenda Upanga.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba ya ghorofa ya zamani, uani, chini ya kamba za nguo. Kesari alikuwa mkubwa kuliko nilivyofikiri, wa rangi ya udongo mwekundu, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu. "Tumekutana," nikamwambia. Akanusa upande wangu, akakuta samaki, akanigeuzia makalio.

Nilichoka nilipotazama ukutani. Kikombe cha bati cha Ignasi kilikuwa pale, na kofia yake, na redio yake ndogo, kila kimoja kwenye msumari wake, vyote ndani ya banda. Pale hakuna aliyemwambia kitu chake kibaki nje.

Mtunzaji mpya aliitwa Eliakimu, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mpole, aliyetokea kwenye ng'ombe wa maziwa huko Kibaha. Alinionyesha majani aliyonunua kwa fahari ya mtu aliyejitahidi. "Haya yana nguvu, mama. Ng'ombe akila haya unakamua mpaka unachoka."

"Huyu unamkamua?"

"Hapana, mama."

Nikaingiza mkono kwenye robota. Mabua magumu, yanachoma, na ndani harufu ya gunia lililolowa. "Haya hapana," nikasema, na nilishangaa mwenyewe. Nikanusa robota la pili, lile la kijani kizuri, likanipiga chafya. "Haya nayo hapana."

"Umejuaje, mama?"

Nilijua tu kwamba Ignasi hakuwahi kuniletea harufu zile. Kumbe miaka kumi na minne nilipokuwa nalalamika, pua yangu ilikuwa shuleni. Hakuna kitu unachokijua vizuri kama kile ulichokilalamikia kila siku.

Lakini kukataa ni rahisi, kuchagua ndiyo kazi. Ili nichague nilihitaji shati, na shati lilikuwa kwenye kindoo. Nililala na wazo hilo siku mbili. Kama ningefungua mfuniko sokoni, katikati ya moshi na mafuta na watu, kilichobaki cha Ignasi kingetoka na kisingerudi. Nilisema na Mungu vibaya kidogo. Kisha nikajiuliza Ignasi angenijibu nini, na jibu nililijua, tena kwa sauti yake, ile ya upole inayokera. Siku ya tatu nikakibeba kindoo kichwani.

Majani yanauzwa nyuma ya soko, ukielekea Gerezani, kwenye ghala la kijana aitwaye Shukuru. Wafuga mbuzi wa mjini, wafuga sungura, wote wananunua kwake. Eliakimu alinisubiri pale na guta la kubebea mizigo. Vipaza sauti vya wauza viatu vilikuwa vinapiga kelele ya bei ya mwisho, bei ya mwisho, na bei ile ya mwisho nimeisikia tangu nihamie Dar.

"Shikamoo, mama. Nikupe mangapi?"

"Marahaba. Kwanza nifungulie ninuse."

"Ukifungua umenunua, mama. Robota likishafunguliwa nani atalitaka?"

"Mume wangu ulikuwa unamfungulia. Ignasi. Wa farasi."

Shukuru akaacha kalamu yake. "Mzee Hei! Tulimwita hivyo kwa hei, haya majani makavu. We ndiyo mkewe? Pole sana, mama. Mzee yule alinisumbua, Mungu amrehemu. Anafungua katikati, anaingiza mkono mpaka kiwiko, anasikiliza kama ndani kuna joto. Anapinda bua. Likivunjika tak, anasema hili mzee mwenzangu, hapana. Likijikunja, ananusa. Akishanusa, basi, huwezi kumbadilisha."

"Alikuwa anachukua ya wapi?"

"Ndiyo hapo sasa. Siku nyingine ya Ruvu, siku nyingine ya Morogoro. Nikimwambia mzee, si wiki iliyopita ulitaka ya Ruvu? Anasema hanunui shamba, ananunua robota."

Kwa hiyo jina la kununulia halikuwepo. Nikaketi kwenye kigoda, nikakiweka kindoo mapajani, nikafungua mfuniko mpaka mwisho. Nikazika uso ndani ya shati pale barabarani, watu wanapita, na nikavuta pumzi kwa muda mrefu kuliko nilivyojiruhusu Jumapili zote. Kisha nikasimama haraka kabla haijanitoka puani.

Robota la kwanza lilikuwa na vumbi. La pili lilikuwa la moto ndani, nikautoa mkono. La tatu mabua yalivunjika. La nne lilinukia vizuri sana, utamu wa kupita kiasi, nikarudi kwenye shati, nikasema hapana. La tano lilikuwa na ukungu mweupe kama wa mkate. Shukuru alianza kunitazama kwa huruma na hasara pamoja. Akakata kamba ya la sita.

Nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Baridi. Nikapinda bua, likajikunja. Nikachota konzi moja, nikaileta puani, na Ignasi akafungua mlango wa korido saa kumi na mbili jioni. Harufu yake ilikuwa ya majani ya chai kwenye mkebe, na chini yake kitu kingine ambacho sina jina lake isipokuwa la kwake. Nikakaa juu ya lile robota, nikalia kwa sauti, mwanamke mzima, katikati ya Kariakoo. Sikulia hivyo hata Masasi. Shukuru aliniletea maji, akaenda kumwambia muuza viatu apunguze kipaza sauti chake, na muuza viatu, nashangaa mpaka leo, akapunguza.

"Haya," nilisema nilipoweza. "Tafuta mengine yaliyokuja na hili. Moja moja nitanusa."

Tulipata tisa. Wakati nalikunja shati kulirudisha kindooni, vidole vyangu vikagusa kitu kigumu mfukoni. Zilikuwa punje tatu za dengu, zimekauka kama kokoto. Nikazifunga kwenye pindo la kanga bila kufikiri zaidi.

Kesari alikula. Tuliyalowesha majani kwenye beseni kama daktari alivyoagiza, tukampa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na mara ya kwanza alinusa kwa muda mrefu, akainua kichwa akatazama mlango wa ua. Alitazama vile mpaka nikageuka na mimi. Hapakuwa na mtu. Akainamisha kichwa, akaanza kutafuna, nami nikamwambia ndiyo hivyo mwenzangu, tule tu.

Nikawa nakwenda kila siku nikitoka Feri. Siku nisipofika mapema Eliakimu alinitumia ujumbe wa simu, na mimi kwa umri wangu sikuwahi kudhani nitangojea ujumbe wa namna ile kwa hamu. *Kanya mara tano mama. Safi.* Nilimsomea jirani yangu wa karai, akaniambia wengine wanatumiwa maua.

Siku ya kumi na mbili, zikiwa zimebaki siku nne Pranav aoe, nilifungua pindo la kanga kutafuta sarafu, zikaanguka zile dengu tatu.

"Eliakimu, mtu wa majani anafanya nini na dengu mfukoni?"

Akacheka. "Hizo za harusi, mama. Mila yao. Kabla bwana harusi hajaondoka, dada zake wanamlisha farasi dengu zilizolowekwa, na sukari guru. Sinia zima. Kesari anazipenda hizo! Anakomba mpaka sinia linang'aa."

"Zote anakula?"

"Zote. Mimi namshikia kichwa vizuri asimwage, maana ni baraka."

Mimi ni mpishi. Najua dengu zinavyovimba tumboni, na najua binadamu akizidisha anavyolala kifudifudi akimwita mama yake. Nikamuuliza pole pole: "Mara zile tatu alipoumwa, ilikuwa lini?"

Akafikiri. Ya kwanza ilikuwa kesho yake ya harusi ya binamu wa Tanvi. Ya pili, kesho yake ya ile harusi ya Kisutu. Alipofika ya tatu akavua kofia.

Mimi sikuwa namsikiliza tena. Nilikuwa naziona zile karatasi za magazeti, miaka kumi na minne, na maua ya njano niliyokuwa nayatoa moja moja kwa hasira. Hakupewa zile dengu. Alikuwa anazitoa mdomoni mwa farasi. Alisimama mbele ya ukoo mzima wa watu, kiganja chini ya mdomo wa Kesari, akamwachia alambe utamu, na zilizobaki akazipitisha mfukoni bila mtu kuona, ili dada wa watu wapate baraka yao na mnyama apate usingizi wake. Kisha akaniletea mimi, nikamwita mtu wa dengu.

Angeniambia. Ningemsikiliza? Ningemwambia asiniletee habari za farasi. Alijua.

"Usimwambie Mama Urmila," Eliakimu akaniomba. "Nitafukuzwa."

Ningeweza kusema. Tanvi ni msichana mwenye akili, angeelewa. Lakini kumwambia mtu siku nne kabla ya harusi kwamba baraka ya mwanawe inaua, hilo Ignasi hakuweza, nami sikuweza. Na sababu yangu ya kweli haikuwa adabu. Nilitaka kusimama pale alipokuwa anasimama.

Siku ya harusi nilivaa gauni langu la kanisani, na juu yake shati la Ignasi, na kanga kiunoni. Mikono ilipita vidole, nikaikunja. Kesari alikuwa amepambwa vitambaa vyekundu na vioo, na ngoma zilikuwa zimemtia wasiwasi, anakanyaga hapa na pale. Akanusa mkono wa shati. Akapumua kwa nguvu, akaegemeza kichwa chake kizito kwenye bega langu na kukiacha hapo. Ignasi alikuwa akirudi na bega moja linamuuma siku za harusi, na mimi nilikuwa namwambia ni uzee.

Pranav alipanda, mwembamba, kilemba kinamsumbua, anacheka kwa woga. Tanvi akaja na sinia. Lilikuwa kubwa la kutisha, limejaa mpaka mlima. Eliakimu alinitazama kutoka upande wa pili wa kamba, jasho linamtoka. Nikaweka kiganja chini ya mdomo wa farasi, nikageuza bega kidogo upande wa ukuta. Tanvi akamwaga kidogo, akamwaga tena. Kesari alilamba sukari guru, meno yake yanagusa vidole vyangu bila kuuma, na dengu zikateleza kiganjani, nikazitia mfukoni, baridi na maji yake. Mfuko ulipojaa nikapokelea kwenye kanga. Tanvi aliona. Mikono yake ilisita, akanitazama machoni, kisha akaendelea kumwaga pole pole, mahali nilipotaka. Kwa nyuma yake Mama Urmila naye alikuwa anatazama.

Ngoma zikaondoka, nami nikatembea kando ya kichwa cha mke mwenzangu mpaka mwisho wa safari, nimelowa mpaka tumboni.

Jioni, Kesari akiwa ameshavuliwa mapambo, Mama Urmila alikuja uani amejishika sari isiburuzike. Akakaa kwenye kigoda cha Ignasi.

"Umezichukua," akasema.

"Nimezichukua, mama."

"Ignasi naye alikuwa anachukua. Miaka yote nilimwona. Anaweka mkono hivi, anageuka hivi, zinaingia mfukoni." Alitazama mikono yake. "Nilidhani nyumbani kwake kuna njaa. Nikaona aibu kumuuliza, mtu mzima yule, ataumia. Basi nikawa nawaambia wasichana wajaze sinia. Kila harusi nikawaambia waongeze, ili yeye apate."

Nilisimama pale na kanga yangu iliyojaa dengu. Kisha nikamweleza. Nikamwambia si njaa, mama, dengu zinamvimbia farasi tumboni, alikuwa anamwondolea. Aliweka kiganja mdomoni. Alikuwa mwepesi wa kuelewa.

"Na alipokufa yeye," akasema, "sinia lilibaki kubwa vilevile."

"Ndiyo, mama."

"Mimi ndiye niliyekuwa namuumiza."

"Si wewe peke yako. Mimi nilidhani ninyi wabahili. Nikawa namgombeza yeye."

Akacheka kidogo, halafu kicheko kikageuka kilio, na mimi sikuwa mbali. Tulikaa hivyo, wanawake wawili tuliomwona mtu mmoja miaka kumi na minne, kila mmoja kwa upande wake, na hakuna aliyemuuliza. Kesari alituangalia akitafuna.

Nilirudi Narung'ombe nikazipika zile dengu na nazi. Maua ya njano sikuyatoa yote. Niliposhika mwiko nikasikia mdomo wangu unasema, "Harusi yote ile, Baba Violeth," nikangojea jibu, jibu halikuja. Nikala. Zilikuwa tamu, na safari hii nilisema.

Asubuhi nikiwa Feri sikuweza kukaanga. Niliunguza changu wawili, nikamrudishia mteja chenji yake mara mbili. Kila mara Kesari alipoanguka ilikuwa kesho yake ya harusi, asubuhi kama ile. Nilishika simu kwa mkono wenye unga mpaka ikaita kwa ujumbe. *Kanya mara nne mama. Safi. Anadai majani.*

Jioni hiyo nilichukua nyundo ya mwenye nyumba. Kindoo kilikuwa wazi, kitupu, na shati nilikuwa nimelifua mfukoni tu, penye dengu. Nikalileta puani. Lilinuka majani, lilinuka farasi, na jasho lililokuwemo lilikuwa langu. Nikatafuta la kwake kwapani, kwenye ukosi, ndani ya mikono, sikulipata. Limekwisha. Nilijua lingekwisha siku nilipofungua ule mfuniko sokoni, na bado niliketi kitandani kwa muda mrefu nikilitafuta.

Kisha nikatoka koridoni, nikaung'oa ule msumari wa nje, nikaunyoosha kwa nyundo, nikaupigilia ndani, ukutani, juu ya kitanda upande wake. Nikasimama mlangoni na shati mikononi.

"Ingia nalo, Baba Violeth," nikasema. "Ingia nalo tu."